Sura ya Saba: Sumaku Ndani ya Tanuri Lisilo na Chuma

Kila ninapozungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu vifaa vya elektroniki, swali moja halikosi. Nikishasema kwamba viwanda vya kukuza fuwele za silikoni huzungushia matanuri yao sumaku kubwa, nzito kuliko gari, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, sumaku si hushika chuma tu? Sasa humo ndani inashika nini?"

Anayeuliza hivyo amefikiri sawasawa. Ukisogeza sumaku kwenye sufuria ya alumini, haikamati. Kwenye waya wa shaba, haikamati. Silikoni nayo haikamatwi, iwe ngumu au imeyeyuka. Humo ndani ya tanuri sumaku inashika mwendo. Ili tuone mwendo huo unatoka wapi, na kwa nini watu wametumia zaidi ya nusu karne kuudhibiti, itabidi tuanze mbali na kiwanda, kwenye barafu ya ukwaju.

Mshipa wa kahawia katikati ya barafu

Nunua barafu ya ukwaju, ile ya kwenye kijifuko chembamba cha nailoni wanayouziwa watoto wakitoka shule. Ikate katikati kwa kisu kabla haijalainika, uitazame kwa makini. Pembeni, karibu na nailoni, barafu ni nyeupe na haina ladha ya maana. Katikati umepita mshipa wa kahawia, laini kidogo, mtamu na mkali. Aliyeitengeneza hakuweka sukari katikati. Alikoroga juisi moja kwenye ndoo moja, akamimina, akafunga fundo. Kilichotenganisha ni kule kuganda.

Maji yanapoganda, molekuli zake hujipanga kwa safu maalumu, na safu hizo hazina nafasi ya sukari wala ya ukwaju. Kila tabaka la barafu linalojengeka huisukuma sukari mbele yake, kwenye maji ambayo bado hayajaganda. Kwa kuwa baridi huingia kutoka nje kwenda ndani, sukari nayo husukumwa ndani hadi ikose pa kwenda. Mtoto anayefyonza barafu yake mpaka ibaki nyeupe, anafyonza kile ambacho barafu ilikikataa.

Sasa tuweke maneno matatu sawa. *Fuwele* ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangwa kwa safu zinazojirudia, kama matofali ya ukuta uliojengwa na fundi asiyekosea hata tofali moja. *Semikondakta* ni kitu kinachopitisha umeme vibaya kuliko metali lakini vizuri kuliko kioo, na ambacho upitishaji wake tunaweza kuuongoza tutakavyo. Silikoni na jemaniamu ndizo zinazojulikana zaidi. *Aloi* ni mchanganyiko wa elementi uliotokana na kuyeyushwa pamoja, kama shaba na zinki zinavyotoa shaba ya manjano.

Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414 za Selisiasi, jemaniamu kwenye nyuzi 938. Ziyeyushe pamoja nazo zitachanganyika kwa kiwango chochote unachotaka, na hata zikiganda zinaweza kukaa katika safu moja. Tatizo liko kwenye wakati wa kuganda wenyewe: silikoni hutangulia. Fuwele inayokua kutoka kwenye silikoni yenye jemaniamu kidogo huchukua karibu theluthi tu ya jemaniamu iliyo mbele yake. Inayobaki husukumwa kwenye myeyuko, kama sukari ya ukwaju. Fuwele ikimalizika, kichwa chake na mkia wake vinaweza kuwa vitu viwili tofauti ingawa vimetoka chungu kimoja.

Asilimia moja inaharibu nini?

Msomaji anaweza kusema: tofauti ndogo hivyo, kuna shida gani? Shida iko hapa.

Mwaka 1959 watafiti wa kituo cha rada cha Malvern, Uingereza, walichapisha habari za aloi ya zebaki, kadimiamu na teluriamu. Walichoonyesha ni kwamba ukibadilisha uwiano wa zebaki na kadimiamu, unabadilisha aina ya mionzi ambayo aloi hiyo inaweza kuihisi. Inaweza kutengenezwa ihisi mionzi ya infraredi, yaani ule "mwanga" ambao macho yetu hayauoni lakini hutolewa na kila kitu chenye joto: mwili wa mtu, bati lililopigwa na jua, mgongo wa wingu.

Ile picha ya mawingu juu ya Bahari ya Hindi ambayo watabiri wetu wa hali ya hewa huitazama hata saa nane za usiku, wakati hakuna jua la kuyaangaza mawingu, huletwa na satelaiti za Meteosat. Katika kizazi cha pili cha satelaiti hizo, macho yanayoona joto yametengenezwa kwa aloi hii hii. Wingu refu la mvua kubwa lina kilele cha baridi kali, na jicho hilo hulitofautisha na wingu la chini lisilo na madhara.

Sasa tazama hesabu. Ipoze aloi hiyo hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, halijoto ambayo majaribio mengi hufanyiwa. Ikiwa kati ya kila atomu 100 za zebaki na kadimiamu, 20 ni za kadimiamu, itahisi mionzi yenye mawimbi ya hadi mikromita 15 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ongeza kadimiamu moja tu, ziwe 21, na kikomo kinashuka hadi karibu mikromita 12.5. Ukikata kisahani kutoka kwenye fuwele ambayo upande mmoja una 20 na mwingine 21, umepata jicho ambalo nusu yake inaona kitu na nusu nyingine haikioni.

Hapo ndipo neno *usawa* linapopata uzito wake: kila sehemu ya fuwele, juu na chini, katikati na pembeni, iwe na mchanganyiko ule ule.

Kinachokoroga bila mwiko

Weka maharage jikoni, maji yakiwa mengi, usikoroge. Baada ya muda utaona punje zinapanda katikati na kushuka pembeni zenyewe. Maji ya chini yakipata moto hutanuka, yanakuwa mepesi, yanapanda. Ya juu yaliyopoa ni mazito, yanashuka. Vitabu vya sayansi huuita mwendo huu *myuko*.

Ndani ya tanuri la fuwele myuko haukwepeki, kwa sababu fuwele haiwezi kukua bila tofauti ya joto. Njia mbili ndizo zimetawala kazi hii. Ya kwanza ni ya Jan Czochralski, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi Berlin mwaka 1916. Inasimuliwa kwamba alichovya kalamu kwenye bati lililoyeyuka badala ya kuichovya kwenye wino, akainua uzi mwembamba wa bati lililoganda. Hadi leo silikoni hukuzwa hivyo: kipande kidogo cha fuwele hugusishwa juu ya myeyuko, kisha huvutwa juu polepole huku kikizungushwa, na fuwele inanenepa chini yake. Njia ya pili inatokana na kazi ya Percy Bridgman wa Harvard, ya mwaka 1925. Humo myeyuko hukaa ndani ya kijichupa kirefu kinachoshushwa taratibu kutoka sehemu ya moto kwenda sehemu ya baridi, na fuwele huganda kuanzia chini kwenda juu. Aloi ya zebaki imekuzwa sana kwa njia hii, ndani ya kijichupa cha kwatzi kilichofungwa kwa moto, kwa kasi inayoweza kuwa chini ya milimita moja kwa saa. Kijichupa lazima kiwe kinene, maana mvuke wa zebaki ukipashwa moto unaweza kukipasua.

Katika njia zote mbili myeyuko hauchemki, lakini hautulii. Myuko ukiwa na nguvu huanza kuyumba: mkondo wa moto unaipiga fuwele, unarudi, unaipiga tena. Kila ukiipiga, fuwele hupunguza kasi ya kukua au hata kuyeyuka kidogo. Ukiondoka, fuwele hukimbia kukua. Kasi ikibadilika, kiasi cha jemaniamu au kadimiamu kinachonaswa nacho hubadilika. Fuwele inaandikwa mistari, tabaka juu ya tabaka, kama mistari ambayo mawimbi huacha kwenye mchanga maji yakipwa. Ukiikata, ukaisugua na kuiosha kwa asidi, utaiona mistari hiyo kwa hadubini, na mingine kwa macho matupu.

Konda mlangoni

Kuna jambo la pili ambalo myuko hufanya, nalo ni la ndani zaidi. Naomba msomaji anifuate hapa kwa utulivu, kwa sababu mengine yote katika sura hii yanaegemea hapa.

Fikiria kituo cha daladala asubuhi. Wanafunzi wanalipa nauli pungufu, na makonda hawawapendi. Chukulia kwamba konda huruhusu watu wazima wote waliopo mlangoni, lakini kati ya kila wanafunzi watatu anaruhusu mmoja. Konda huyo ndiye uso wa fuwele, pale ambapo kimiminika kinageuka kuwa kigumu. Wanafunzi ni jemaniamu.

Tuseme kwanza kituo kimetulia, na kila aliyekataliwa anabaki palepale mlangoni. Wanafunzi wanarundikana. Baada ya muda wamekuwa mara tatu ya kawaida yao, na theluthi ya mara tatu ni ile ile kawaida. Tangu hapo kila daladala inaondoka na uwiano ule ule wa wanafunzi na watu wazima kama wanavyowasili kituoni. Konda hajabadilika moyo. Ni lundo lililolazimisha usawa.

Sasa tuseme kuna mtu anayewatoa wanafunzi mlangoni kila baada ya dakika moja na kuwatawanya kituo kizima. Lundo halijengeki kamwe. Daladala za kwanza zinaondoka na wanafunzi wachache, zinazofuata na wengi zaidi kidogo, na ya mwisho inajaa wanafunzi watupu.

Myuko ndiye huyo mtu anayetawanya. Na hapa ndipo wengi tunapokosea kwa mazoea ya jikoni. Tumezoea kwamba ukitaka uji uwe sawasawa, ukoroge. Kwa fuwele ya aloi, kukoroga sana kunafanya *myeyuko* uwe sawasawa kila wakati, lakini *fuwele* inabadilika kutoka kichwa hadi mkia. Myeyuko ukitulia kabisa, tabaka jembamba lenye kilichokataliwa hujengeka mbele ya fuwele, na kuanzia hapo sehemu ndefu ya katikati hutoka ikiwa na mchanganyiko mmoja.

*Kwa ufupi:* myuko una makosa mawili. Ukiyumba, unaandika mistari. Ukitawanya, unafanya kichwa cha fuwele kitofautiane na mkia. Kuutuliza ni dawa ya yote mawili, na ndiyo kazi aliyopewa sumaku.

Breki isiyogusa

Nyumba za zamani, kabla ya LUKU, zilikuwa na mita ya umeme yenye kisahani cha alumini kinachozunguka nyuma ya kioo. Wengi tunakikumbuka kile kisahani na alama yake nyeusi: jokofu likiwaka kinakimbia, taa zote zikizimwa kinasimama. Kilichokizuia kisikimbie ovyo kilikuwa sumaku ndogo iliyokizunguka ukingoni, bila kukigusa. Alumini haishikwi na sumaku. Lakini alumini *inayotembea* mbele ya sumaku huzaa ndani yake mikondo ya umeme, na mikondo hiyo husukumana na sumaku kwa namna inayopinga mwendo ule ule ulioizaa. Chanzo cha elimu hii ni Michael Faraday, mwaka 1831.

Unaweza kulishuhudia jambo hili nyumbani kwa fundi wa AC. Muombe kipande cha bomba la shaba chenye ukuta mnene, kama mita moja, ukisimamishe wima. Dondosha ndani yake msumari: umeanguka kabla hujamaliza kufumba jicho. Sasa dondosha sumaku ndogo yenye nguvu inayopita bila kukwama. Utasubiri. Ukichungulia juu utaiona inateremka polepole katikati ya bomba, kama inayoshuka ngazi, na haigusi popote kwa nguvu. Hakuna kinachoivuta juu isipokuwa mwendo wake yenyewe. Ingesimama, breki ingetoweka papo hapo.

Je, kimiminika nacho kinaweza kufungwa breki hiyo? Kinaweza, mradi kipitishe umeme. Mwaka 1832 Faraday mwenyewe alitandaza waya kwenye daraja la Waterloo, London, na kuzamisha mabamba ya shaba mtoni, akitumaini kupima umeme unaozaliwa na mto Thames unapopita katika uga sumaku wa dunia. (*Uga sumaku* ni eneo lote ambamo nguvu ya sumaku inafika.) Hakupata kipimo cha kuaminika. Wazo lilikuwa sahihi, ila maji ni kipitishi dhaifu na uga wa dunia ni mdogo.

Silikoni iliyoyeyuka ni habari nyingine. Ikiwa ngumu na baridi ni semikondakta; ikishayeyuka inageuka na kupitisha umeme kama metali, zaidi ya mara laki mbili kuliko maji ya bahari. Mkondo wowote wa myuko unaokata uga sumaku humo ndani hujizalia breki. Na breki hiyo hukua haraka: ukizidisha uga mara mbili, inakuwa mara nne, ukizidisha mara tatu, mara tisa. Kwa uga wa tesla 0.1, hesabu inaonyesha kwamba mwendo unaoukata uga hupoteza nguvu yake kubwa katika muda wa kama moja ya tano ya sekunde.

Tesla ndicho kipimo cha nguvu ya uga. Uga wa dunia, hapa kwetu karibu na ikweta, ni kama tesla 0.00003. Mashine nyingi za MRI hospitalini hutumia tesla 1.5.

Mwaka 1966

Mwaka huo makundi mawili, yaliyotenganishwa na bahari ya Atlantiki, yalichapisha jibu moja. Upande wa Marekani walikuwa Utech na Flemings wa chuo cha MIT. Upande wa Uingereza walikuwa Chedzey na Hurle, tena katika kituo kile kile cha Malvern kilichotoa aloi ya zebaki. Wote walifanya kazi na indiamu antimonidi, semikondakta inayoyeyuka kwenye joto la wastani na hivyo si ngumu kuishughulikia maabara. Utech na Flemings waliweka uga wa tesla 0.175, chini ya moja ya nane ya ule wa MRI. Vipimajoto vilivyozamishwa kwenye myeyuko, ambavyo vilikuwa vikipanda na kushuka bila kukoma, vilitulia. Fuwele ilipokatwa, mistari haikuwepo.

Majaribio ya namna hii yana uzuri wake, nami huyapenda kuliko nadharia yote niliyoeleza hapo juu. Katika fuwele moja mtafiti anaweza kuwasha sumaku, kuizima, kisha kuiwasha tena. Akiikata kwa urefu na kuiosha kwa asidi, fuwele humsomea shajara yake: mistari, halafu eneo safi kama kioo, halafu mistari tena.

Biashara ilichelewa kuingia. Mwaka 1980 watafiti wa Sony, Japani, walionyesha silikoni iliyovutwa kwa njia ya Czochralski ndani ya uga sumaku. Sony ilikuwa ikitengeneza vihisi vya picha vya kamera, na mistari ndani ya silikoni ilikuwa ikijitokeza kwenye picha. Adui mwingine alikuwa oksijeni. Bakuli linaloshika silikoni ni la kwatzi, na kwatzi huyeyuka kidogo kidogo na kumwaga oksijeni kwenye myeyuko. Myuko ndio unaoibeba hadi kwenye fuwele. Myeyuko ukitulia, oksijeni inapungua, na muhimu zaidi inaweza kupangwa. Leo fuwele za silikoni zenye kipenyo cha milimita 300, zinazokatwa visahani vya kutengenezea chipu za simu na kompyuta, kwa kawaida hukuzwa zikiwa zimezungukwa na sumaku.

Nusu dozi

Ningekuwa nimemdanganya msomaji kama ningeishia hapo, kwamba weka sumaku na mambo yamekwisha. Kwa aloi hasa, njia imekuwa na miiba.

Kwanza, sumaku ya kiasi inaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na sumaku. Rudi kituoni. Mtawanyaji akifanya kazi kwa nguvu, angalau kituo kizima kinafanana. Akitoweka, lundo linakaa sawasawa mlangoni. Lakini akiwa mvivu, anawasukuma wanafunzi kutoka upande mmoja wa mlango na kuwaacha upande mwingine. Ndivyo ilivyo: mkondo dhaifu hulikusanya lile tabaka la kilichokataliwa sehemu moja, katikati au pembeni, na fuwele inatoka ikiwa na tofauti kubwa kati ya moyo wake na ngozi yake. Tofauti hiyo hufikia kilele myuko unapokuwa wa wastani. Anayetaka utulivu lazima aufikie kweli.

Pili, sumaku yenyewe inaweza kuzaa mwendo. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aligundua kwamba vipitishi viwili tofauti vikiungana, na viungo vyake vikiwa na halijoto tofauti, umeme hutembea. Fuwele na myeyuko wake ni vipitishi viwili tofauti vilivyoungana, na uso unaovikutanisha mara nyingi umepinda, hivyo halijoto si moja kila mahali. Umeme mdogo unatembea. Usipokuwa na sumaku hauna madhara. Ukiweka sumaku, umeme huo unasukumwa, nao unasukuma myeyuko pamoja nao. Dawa imeanza kukoroga.

Tatu ni aloi ya zebaki. Ndani yake kadimiamu ndiyo inayotangulia kuganda, na kinachoachwa ni zebaki teluridi, ambayo ni nzito. Uso wa fuwele ukipinda kama bakuli, kile kizito huteleza kwenye kuta za bakuli na kutuama katikati. Hapa kinachosukuma ni uzito wa mchanganyiko, si joto peke yake. Breki ndogo haitoshi. Katika Kituo cha Marshall cha NASA, Huntsville, Alabama, miaka ya 1990, watafiti walikuza aloi hiyo ndani ya uga wa tesla 5, zaidi ya mara tatu ya MRI ya kawaida, na tofauti kati ya katikati na pembeni ikapungua waziwazi.

Kituo hicho hicho kilijaribu pia kukimbia uzito wenyewe. Tayari mwaka 1973 na 1974, kwenye maabara ya anga ya Skylab, indiamu antimonidi ilikuwa imekuzwa mahali ambapo cha moto hakipandi na cha baridi hakishuki, na mistari ilitoweka. Machi 1994 chombo cha Columbia kilibeba tanuri la kukuzia aloi ya zebaki. Hata huko utulivu haukuwa kamili: msukumo mdogo uliobaki ndani ya chombo, kulingana na kilivyoelekezwa kikizunguka dunia, ulitosha kukisogeza kile kizito upande mmoja wa fuwele.

Sumaku inayokoroga kwa makusudi

Si kila mtu anataka utulivu. Kuna kazi ambazo uso wa fuwele unahitaji kunyooshwa, au myeyuko ni mkubwa kiasi kwamba kuutuliza wote ni ghali mno. Hapo hutumika uga unaotembea, na ni vizuri kuzitambua aina zake:

- *Uga tuli*: haubadiliki. Hii ndiyo breki tuliyoieleza. Unaweza kulazwa, kusimamishwa wima, au kutengenezwa na koili mbili zinazopingana, moja juu na moja chini, ili uga uwe dhaifu katikati na wenye nguvu kwenye kuta za bakuli.
- *Uga unaozunguka*: hufanya kazi kama mota ya feni, ila kinachozungushwa ni myeyuko wenyewe.
- *Uga unaosafiri*: husafiri kwenda juu au chini, na kuburuta myeyuko kando ya kuta.

Ugumu wa aina mbili za mwisho ni kwamba uga unaobadilika haupenyi vizuri kuta za metali za tanuri. Taasisi ya ukuzaji fuwele ya Leibniz huko Berlin ilishiriki kutafuta jibu ambalo naliona ni la kifundi hasa: koili ya kupashia joto, ambayo lazima iwepo ndani ya tanuri kwa vyovyote vile, ikafanywa pia kuwa koili ya sumaku. Umeme ule ule unayeyusha na unasukuma. Myeyuko ukisukumwa chini pembeni na kupanda katikati, au kinyume chake, uso wa fuwele unaweza kubembelezwa hadi unyooke.

Breki isiposhika

Siku hizi vihisi bora vya aloi ya zebaki havikatwi tena kutoka kwenye donge zima. Hutandazwa kama utando mwembamba juu ya kisahani cha fuwele nyingine, ambayo safu zake za atomu lazima zilingane na za utando. Kisahani hicho nacho ni aloi: kadimiamu, teluriamu na zinki kidogo, kama asilimia 4 ya zinki badala ya kadimiamu. Zinki ikipungua au kuzidi, safu hazikutani na utando unapata nyufa zisizoonekana. Kwa hiyo swali la usawa halikuondoka; lilishuka ghorofa moja chini.

Humo konda amegeuka. Zinki ndiye mtu mzima anayependwa: fuwele huichukua kwa wingi kuliko ilivyo kwenye myeyuko. Kichwa cha fuwele hujaa zinki na mkia unabaki bila.

Mwanafunzi wangu angeuliza mara moja: si tuweke sumaku? Tatizo ni kwamba kadimiamu teluridi haifuati mfano wa silikoni. Hata ikiyeyuka, kwenye nyuzi 1,092, inabaki kuwa semikondakta, na hupitisha umeme zaidi ya mara mia chini ya silikoni iliyoyeyuka. Myeyuko unapita mbele ya sumaku, mikondo inayozaliwa ni hafifu, na breki inateleza. Kufikia utulivu ule ule kungehitaji uga wenye nguvu mara kumi na zaidi.

Hivyo katika matanuri mengi ya aloi hii utakuta njia nyingine kabisa. Kijichupa huzungushwa, hupunguzwa mwendo, huzungushwa tena, kwa saa na siku, kama mama anavyokizungusha kikombe cha uji wa mtoto mkononi mwake, huku na huku, bila kuingiza kijiko.